Darasa la jioni la fasihi hapa Moshi: mwalimu anastahili ada, viti havistahili

Wanaoniuliza pale sokoni, wengine kwa kunicheka, kama lile darasa la jioni la Kiswahili upande wa Majengo lina maana yoyote, jibu langu ni hili. Ukitaka kuzielewa tamathali za semi, nenda, lipa, kaa mbele. Ukifuata ushairi, nenda na subira yako. Ukitaka kuandika insha na kusahihishiwa, tafuta kwingine, maana hapo hela yako itapotea.

Jina la kituo silitaji, kwa sababu nina ya kuwasema na mwenye nacho tunasalimiana vizuri. Ni ghorofani, chini yake wanauza chakula cha kuku, na jirani kuna fundi wa kuchomelea mageti ambaye hajui kwamba saa kumi na mbili watu hufunga kazi. Ada ni elfu thelathini kwa mwezi kwa somo moja, jioni tatu kwa wiki, hadi saa mbili usiku. Wanafunzi ni watu wazima karibu wote: dereva wa bodaboda, mama wa usafi hospitali, kijana anayesherehesha harusi, mlinzi anayetoroka lindo, na sisi wa sokoni. Mimi nauza mitumba soko la Memorial, magauni na blauzi. Mtihani wa Maarifa, ule wa kumruhusu aliyekosa sekondari afanye wa kidato cha nne, nimeshaupita, sasa najiandaa na kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Kiswahili ndilo somo ambalo kila mtu aliniambia ni rahisi. Rahisi kwa nani, sijui.

Anayefundisha fasihi ni mama mmoja mstaafu. Amefundisha sekondari miaka mingi, sauti yake ndogo, na hatumii ubao sana. Nilikokuwa nasoma zamani tulikaririshwa: tashibiha ni kulinganisha vitu kwa kutumia maneno kama, mithili ya, mfano wa, sitiari ni kulinganisha bila maneno hayo, tashihisi ni kukipa kisicho mtu sifa ya mtu. Unaandika, unameza, unatapika kwenye karatasi. Huyu mama ana maswali mawili tu, na anayauliza kwa kila sentensi inayoletwa mbele yake: "Kwa kawaida angesemaje? Na kwa kutosema hivyo, amepata nini?" Jina la tamathali linakuja mwisho, na wakati mwingine halijalishi.

Nieleze jioni moja ili nieleweke. Mwalimu alitaka kila mtu alete maneno ya kazini kwake. Kijana wa harusi akaleta yake, bodaboda akaleta maandishi ya nyuma ya pikipiki, mimi nikaleta kelele zangu za kila siku pale Memorial. Nikazisema kama ninavyozisema nikifungua belo, lile furushi la mitumba:

"Bei imekufa! Bei imekufa jamani, njooni tuzike!"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, akauliza hiyo ni nini. Mlinzi akajibu haraka, tashihisi, kwa sababu bei siyo mtu na imepewa kufa. Mwalimu akamuuliza, "Kuku wako akifa, amekuwa mtu? Mgomba ukifa je?" Kimya. Kufa siyo kwa binadamu peke yake, akasema, kwa hiyo "bei imekufa" ukiiacha hapo ni sitiari: kushuka kumeitwa kufa. Ila mimi sikuiacha hapo. Nimesema njooni tuzike, na anayezikwa kwa watu kualikwa ni mtu. Hapo ndipo bei inapovaa ubinadamu, kwenye nusu ya pili. Na humo humo kuna mubalagha, yaani kutia chumvi, kwa sababu bei haijafa, ni elfu tatu kutoka elfu tano.

Halafu swali lake. Kwa kawaida ungesemaje? Nikasema, "Bei imepungua." Umepata nini kwa kutosema hivyo? Mama wa hospitali ndiye aliyejibu, na jibu lake nimelishika hadi leo: "Mtu akisikia bei imepungua anaanza kupiga hesabu. Akisikia msiba wa bei anacheka kwanza, na akishacheka ameshasimama." Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akaandika ubaoni neno moja tu, kusimama, akalipigia mstari. Ndiyo kazi ya ile tamathali, kumsimamisha mtu anayepita.

Nikadhani tumemaliza. Akanigeukia, "Dada, na akipita aliyetoka kuzika mwezi jana?"

Hilo sikulitegemea kwenye somo la Kiswahili. Tukalijadili mpaka fundi wa mageti akafunga. Mlinzi akasema sokoni ni sokoni, mwenye msiba atajua ni utani. Mama wa hospitali akasema hapana, yeye angeumia. Mwalimu hakutoa hukumu, alisema tu kwamba tamathali haikai kwenye karatasi peke yake, inakaa na anayeisikia, na mtihani ukiuliza "ufanisi wa mwandishi" ndicho kitu wanachouliza. Aliyetunga maswali anataka ujue neno limemfanya nini msomaji.

Kwa hilo moja tu ningelipa elfu thelathini.

Tafsida nayo tuliipata kwa njia hiyo hiyo. Sisi wa mitumba tuna maneno yetu: nguo yenye tundu tunasema "ina kasoro ndogo" au "inataka fundi kidogo tu". Nikauliza kama hiyo ni tafsida. Mwalimu akasema anayesema "naomba kwenda haja" anapunguza ukali, lakini wote wanajua anakokwenda. Anayesema "kasoro ndogo" huku kidole chake kimeziba tundu, mnunuzi hajui. Kwa hiyo ya kwanza ni tafsida, ya pili ni biashara. Darasa likapasuka. Kijana wa harusi akaninong'oneza, "Umepatikana, dada." Sikujali, maana ufafanuzi ule sijauona kwenye kitabu chochote na hauwezi kunitoka.

Sasa karatasi zao. Ukijiandikisha wanakuuzia fotokopi, orodha ya tamathali na mbinu nyingine za kisanaa, imebanwa kwa pini, shilingi elfu mbili. Msinunue. Aliyeikusanya amechukua huku na huku, vitabu vya kwetu na vya Kenya, akaunganisha bila kusoma. Sitiari ipo namba mbili, halafu istiari inatokea namba kumi na moja kana kwamba ni kitu kingine. Mubalagha namba tano, chuku namba kumi na nne. Tashtiti ina namba yake na balagha ina yake. Mtu akikaririshwa hivyo ataingia kwenye mtihani akihesabu tamathali mbili palipo na moja. Mwalimu mwenyewe alipoiona karatasi yangu aliomba kalamu, akafuta zilizojirudia, akanirudishia bila kusema neno. Hakuitunga yeye, ni wazi. Lakini kituo bado kinaiuza, na wanaojiandikisha wapya wanaendelea kuinunua.

Tashtiti yenyewe, kwa asiyejua, ni swali linaloulizwa bila kungoja jibu. Hapa kwetu inatulisha Desemba nzima. Watu wanarudi nyumbani kula Krismasi, kutoka Dar, kutoka Mwanza, stendi inafurika, na mimi nasimama juu ya kiti: "Dada, Krismasi utavaa nini? Mwaka jana gauni hilo hilo, mwaka huu gauni hilo hilo?" Hakuna anayenijibu. Wanajiangalia. Mwalimu akaniambia hapo kuna tashtiti na takriri, yaani kurudia neno, pamoja, na kwamba takriri ya "hilo hilo" ndiyo inayouma, siyo swali.

Jambo jingine lililonipendeza ni kwamba haanzi na vitabu teule. Vitabu atafika, lakini kwanza anataka tuone tamathali tunazozitumia bila kujua. Kuna jioni mawingu yaliondoka ghafla, na dirisha la kaskazini likatuonyesha Mlima Kilimanjaro wote. Mtu akasema kama tunavyosema Moshi nzima, "Leo umejifunua." Mwalimu akasimama papo hapo. Nani kajifunua? Ana shuka? Tukaanza kuhesabu: mlima umejifunika, umejifunua, umetukasirikia leo. Tashihisi mtindo mmoja. Kisha akamtaka mama wa hospitali, ambaye ni wa Marangu, atusimulie kwa nini kilele cha Kibo ni mviringo na kile cha Mawenzi kina meno meno. Akasimulia kama alivyosimuliwa na bibi yake: Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto, kila ukizimika anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, akaenda tena na tena, mpaka Kibo akachoka, akachukua mchi akamtwanga. Ndiyo yale mapengo. Mwalimu akasema hicho ni kisaasili, hadithi inayoeleza asili ya kitu, na kisaasili bila tashihisi hakisimami, kwa sababu milima haikopeshani moto.

Bodaboda akaona hapo ndipo pa kutoa elimu yake. Akasema jiografia haisemi hivyo: Kibo ina mita 5,895 na Mawenzi 5,149, zote ni volkano, Mawenzi imemomonyoka kwa sababu ilishakufa zamani na Kibo imelala tu. Alisema kwa kujiamini, akakaa. Mwalimu akamwacha kidogo, halafu akauliza taratibu, "Imelala? Imekufa?" Ikachukua muda kidogo ndipo darasa zima likaelewa. Kitabu cha jiografia, chenye namba na ramani, kinasema volkano hai, volkano iliyolala, volkano mfu. Hao ndio wataalamu! Mwalimu akaeleza kwamba maneno kama hayo yametumika mpaka yamechakaa, hakuna anayeona tena sitiari ndani yake, sawa na mguu wa meza na mdomo wa chupa. Kwenye mtihani usije ukaandika kwamba mwandishi ametumia tashihisi kwa sababu meza ina miguu. Tamathali inayostahili alama ni ile ambayo mwandishi ameichagua wakati angeweza kusema vingine. Yale maswali yake mawili yakarudi tena.

Ritifaa aliifundisha kwa upole kuliko zote. Hiyo ni kusema na asiyekuwepo, mara nyingi marehemu, kana kwamba anasikia. Hapa kwetu tunazika nyumbani, kwenye kihamba, shamba la ukoo, na kila mtu darasani alishasimama kati ya migomba akisikia shangazi wa mtu akilia, "Baba, umetuachia nani? Mbona hukuniaga?" Mwalimu akasema shangazi huyo hajasoma fasihi na ametumia ritifaa na tashtiti kwa pumzi moja. Hakuna aliyeandika kwa dakika kadhaa. Nikiikuta ritifaa kwenye shairi sasa hivi naitambua mstari wa kwanza.

Akatutajia na Aristotle, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, aliyeandika kwamba msemaji anayetaka kuwavuta watu ana njia tatu: wamwamini yeye mwenyewe, waguswe mioyo, au hoja iwashinde. Nadhani aliyataja kwa ajili ya kijana wa harusi, ambaye anategemea ya pili peke yake na anapenda kuwaliza mama wa bwana harusi. Mimi kwa uzoefu wangu wa Memorial naona ya kwanza inazibeba zote. Mteja ukimuuzia blauzi ukiisifu kwamba ni daraja la kwanza, akafika nyumbani akakuta kwapa limeachia, siku nyingine hata ulie machozi ya damu hageuki. (Mubalagha. Namba tano, au kumi na nne, chagueni wenyewe.)

Kejeli nayo hufundishwa mlangoni. Mlinzi akichelewa: "Karibu mheshimiwa, tulikuwa tunakusubiri wewe tuanze." Anaingia ameinamisha kichwa. Hiyo haikuhitaji ubao.

Ushairi unafundishwa na kijana mwingine. Si mbaya kwa ujuzi, anajua vina, anajua mizani, yaani hesabu ya silabi, anajua bahari zote, yaani aina za mashairi, tatizo lake ni kusoma kutoka daftari lake nasi tunaandika. Tarbia ni mistari minne kila ubeti. Mshororo, yaani mstari, una mizani kumi na sita, nane ukwapi, nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Inkisari ni kufupisha neno, mazda ni kulirefusha, tabdila ni kubadili herufi. Yote kweli, yote yanalaza usingizi. Kwa nini mtu afupishe neno, hasemi. Nililielewa siku nilipoamua kujaribu mwenyewe nyumbani, watoto wamelala, nikihesabu kwa vidole:

Belo limefunguliwa, njoni mjichagulie,
Mama usije chelewa, shoga asitangulie.

Hesabuni. Be-lo-li-me-fu-ngu-li-wa, nane. Upande wa pili nilikuwa nimeandika "njooni" ikanipa tisa, nikakata o moja, ikakaa sawa. Hiyo ndiyo inkisari, na sasa najua kwa nini ipo: mizani zimezidi, neno linapunguzwa kiuno. Vina viko wa na wa katikati, lie na lie mwishoni. Nikampelekea yule kijana. Akasoma, akasema "safi", akaendelea na daftari lake. Mama mstaafu nilipomwonyesha siku ya pili yake aliuliza mara moja kwa nini "shoga" na siyo "jirani". Nikamwambia jirani ingezidisha mizani. Akasema sawa, lakini shoga pia anauma zaidi, kwa sababu ndiye unayetaka kumpita kwa kupendeza. Sikuwa nimeliwaza hilo. Mistari hiyo naitumia Memorial sasa, na jirani zangu wa meza wameshaniibia.

Kuhusu insha na mazoezi ya majibu, sina mengi. Unalipa elfu thelathini nyingine, unaandika, unakusanya, karatasi inarudi ina alama ya vema na neno "Vizuri" chini. Vizuri wapi? Swali la fasihi linataka utaje tamathali, utoe mfano kutoka kwenye kazi, ueleze kazi yake, na mtu akikosea hatua ya tatu hakuna anayemwambia. Nilipouliza ofisini niliambiwa anayesahihisha ana karatasi nyingi. Basi apewe chache, au ada ipungue. Nimeshawaambia hayo ana kwa ana, kwa hiyo siyo majungu.

Mazingira. Viti ni vya plastiki, vingine vimepasuka na vinabana nguo, nimeshaacha uzi wa gauni pale. Benchi la nyuma halina egemeo. Umeme ukikatika hakuna jenereta, tunawasha tochi za simu na mwalimu anaendelea kusimulia gizani, jambo ambalo kwa methali na hadithi halina neno, ila kwa yule wa ushairi darasa linaisha hapo hapo kwa sababu hasomeki. Jirani kuna kwaya, inafanya mazoezi siku mojawapo ya zile tatu. Wanaimba vizuri, siwalaumu, lakini sauti ya mwalimu inazama. Ndiyo maana nimesema kaeni mbele. Choo ni kisafi, hilo niwape. Kina mama mnaoogopa kurudi usiku, tunakuwa watu wanne au watano tunaoelekea Pasua, tunachangia bajaji na dereva ameshatuzoea.

Nani aende? Mtahiniwa wa kujitegemea ambaye amekariri majina ya tamathali lakini akiona sentensi hajui aanzie wapi, huyo asisite. Mshereheshaji wa harusi pia, kijana wetu amebadilika, siku hizi anasema maneno machache na watu wanasikiliza. Nimesikia kuna mwinjilisti anataka kujiunga. Mwanafunzi wa kawaida wa shule, aliye na mwalimu wake na vitabu teule mkononi, sioni sababu ya kumlipia, isipokuwa kama shuleni wanamkaririsha kama nilivyokaririshwa mimi.

Mkifika kujiandikisha, mwambieni wa mapokezi kwamba mnataka jioni za mama mstaafu. Msiposema, atawaweka popote penye nafasi, na risiti ikishakatwa hawabadilishi. Fotokopi ile kataeni, watasema ni lazima, siyo lazima. Mimi mwezi ujao nimelipia fasihi peke yake, na insha zangu nitamwomba mama asome pembeni, chai nitanunua mimi.